Mama Léocadie Hajaketi

Jumapili, tarehe 7, mwezi wa saba

Shemeji yangu Kamaldine amerudi toka Kindu na pedali tano za gitaa. Tano! Mutu mwenye miguu miwili. Amezipanga chini juu ya ubao kama mama anayeuza nyanya, kila moja na rangi yake, kila moja na kataa kake kadogo ka kuwaka. Akitaka kubadilisha sauti ya gitaa anainama, anatafuta, anakanyaga. Nikamwuliza kwa sauti kubwa, wote wasikie, kama amepoteza kifungo cha suruali. Watu wakacheka sana. Halafu akakanyaga ile ya kijani, gitaa likalia kama watu wanne wanapiga pamoja. Watu wakaacha kucheka.

Wakampigia makofi. Katika mazoezi! Mimi nimekalia kiti cha solisti, mpiga gitaa la kuongoza, wa Orkestra Mapendo tangu nilipokuwa na meno yote, na sijapigiwa makofi katika mazoezi hata siku moja. Labda ile siku niliyoanguka.

Kiti chenyewe ni cha plastiki, mkono mmoja umekatika. Lakini kiko mbele, katikati, karibu na waimbaji na karibu zaidi na meza ya chakula. Kamaldine, ambaye anapiga gitaa la kusindikiza, kiti chake kiko nyuma kabisa, kando ya grupe, ile mashine ya umeme. Anakula moshi. Ndivyo Mungu alivyopanga na mimi sikuona kosa.

Sasa Mama Ernestine ameona kosa. Huyu ni prezida wetu. Anaimba na anaamuru, na hujui lini ameacha moja akaanza jingine. Akasema Jumamosi iko harusi ya Rosine, binti wa Mama Léocadie, na hapo ndipo tutajua. Muzee Raphaël, yaani mimi, ataongoza sebene ya kumwingiza mama wa bibi harusi. Akiifunga vizuri, abaki na kiti chake. Akiiharibu, Kamaldine aje mbele na Muzee aende kwenye moshi.

Kuifunga vizuri maana yake ni moja tu kwetu. Sebene ile haina maneno, ni magitaa tupu yanakimbia, na haifungwi kabla mama wa bibi harusi hajaketi mwenyewe, kwa hiari yake. Gitaa likinyamaza naye bado amesimama, ni kama umemwambia: mama, tumekuchoka, wewe na binti yako. Nilimjua solisti mmoja wa Nyangwe aliyefunga mapema. Leo anauza samaki.

Sina hofu. Leo katika misa Mama Léocadie alicheza kidogo wakati wa matoleo, akarudi kwenye benchi kabla kikapu hakijamfikia. Magoti yale!

Jumatatu, tarehe 8

Nimejikwaa. Kidole kikubwa kimevimba. Nimebarikiwa!

Nimejikwaa kwenye kile chuma ambacho mke wangu Faida anakitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Nilikipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Salamabila, nikampa mbuzi. Aliapa ni chombo cha kuchaji betri ya pikipiki. Hakikuchaji kitu. Faida mpaka leo hajamsahau yule mbuzi. Mbuzi alikuwa na jina.

Basi leo nimeshika kidole, nimekaa chini, natukana kile chuma, na katika kukitukana nikakitazama. Kina tundu la gitaa! Nikakipeleka mbio, kwa mguu mmoja, kwa Chimène, binti wa mdogo wangu, ambaye anapiga kinanda kanisani na katika orkestra yetu. Akakigeuza, akapuliza unga wa muhogo, akapiga ukelele. Akasema baba mukubwa, hili ni sanduku la sauti, ndani yake mna pedali zaidi ya mia.

Mia! Kamaldine ana tano na anatembea kama gavana. Mimi nina mia na zilikuwa zinashika mlango.

Nyuma ya sanduku mna tundu lingine, la mviringo, lenye vitundu vitano kama pua ya mnyama ambaye hajapewa jina. Chimène akasema hiyo ni MIDI. Hapana, si midi ya Kifaransa, saa sita ya mchana. Nimeshamweleza kila mutu mtaani na nimechoka. Ni njia ya kutuma amri. Katika kamba inayochomekwa hapo sauti haipiti, zinapita amri tu. Nikasema nimeelewa, ni kama capita, msimamizi wa shefu: yeye mwenyewe halimi, anafika tu anasema fulani lima, fulani acha, na majembe yanapanda. Chimène akasema ni hivyo hivyo, ila kila chombo kina kanali yake, njia yake ya kusikilizia. Ukitoa amri kwa kanali ya kwanza, aliye kwenye kanali ya pili hasikii. Nikasema hiyo pia naijua, nimezaa watoto: ukimwita mmoja achote maji, wote wengine wanakuwa viziwi.

Akanionyesha kaubao kake ka MIDI kenye vibonyezo vya kukanyaga. Ukikanyaga, amri inakwenda, sanduku linabadilisha sauti. Nikamwuliza kama ni lazima mguu. Kumbe si lazima! Hata simu inaweza kutuma amri. Unaiandikia mapema: mwanzo sauti hii, baadaye ile, mwisho ile nyingine. Unaianzisha, inatuma yenyewe.

Nikakaa chini tena, mara hii kwa furaha. Bila mguu! Mimi nimesimama wima kama askofu, mikono peke yake inafanya kazi, na gitaa linajibadilisha lenyewe. Kamaldine ameinama matako juu. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi sitaki cha mvunguni. Nataka kiti.

Chimène akasema nitumie kaubao tu, maana simu inafuata saa na sherehe haifuati saa. Watoto wa siku hizi wana maonyo mengi kuliko wazee.

Jumanne, tarehe 9

Simu yangu ni ya vibonyezo, haiwezi. Ya Faida inaweza.

Nilimwambia naihitaji kurekodi sala. Akauliza sala za nani, zangu za kanisani au zake za msikitini. Nikasema zote, kwa ajili ya umoja. Akanitazama. Faida ni dada wa Kamaldine, tumbo moja, na ana macho yale yale. Ukimdanganya unaona kama umedanganya watu wawili. Lakini akanipa. Akaniambia tu nisiibadilishe kwa kizuizi kingine cha mlango.

Tumefanya kazi mchana kutwa na Chimène. Sauti nimezichagua mwenyewe na kuzibatiza. Ya kwanza ni Lualaba, inatetemeka kama maji ya jioni. Ya pili ni Nyuki. Ya tatu ni Kanisa, maana ukigusa uzi mmoja unajibiwa toka ukuta wa mbali. Ya mwisho nimetaka Kimya. Grupe ikiwaka gitaa langu linanguruma hata nisipoligusa, na mimi sipendi kungurumiwa wakati watu wananipigia makofi. Nataka nipige noti ya mwisho, mama aketi, kisha kimya kama kaburini. Halafu vigelegele!

Chimène akauliza mara mbili kama nina hakika. Akasema Kimya ni kimya, baba mukubwa, hata ukipiga nyuzi kwa nyundo haitoki kitu. Nikamwambia ndicho ninachotaka. Nyundo nitaiacha nyumbani.

Jumatano, tarehe 10

Siku ya kujaribu. Nusu ya asubuhi simu inatoa amri, sanduku limekaa kimya. Nikalisemesha kwa wema, nikalipiga kofi. Kumbe simu inasema kwenye kanali ya kwanza na sanduku linasikiliza ya pili. Kama mimi na Faida. Chimène akaweka sawa, na Nyuki wakatoka wote kwa mara moja.

Kuku walikimbia, mpaka sasa mmoja hajarudi. Jirani yetu, shemasi wa kanisa lile jipya la makuti, akaja na Biblia akauliza ni pepo gani hiyo. Nikamjibu ni pepo toka Salamabila, nimeipata kwa mbuzi. Akanyoosha mkono juu ya sanduku akaanza kuomba kwa nguvu. Mimi nikawa napiga polepole chini ya maombi yake, kwa heshima. Alipofika Amina, simu ikatuma Kanisa. Amina yake ikaenda, ikarudi, ikaenda tena kama imesemwa na malaika saba. Amekwenda kwao kinyumenyume! Sikuinuka. Nililala palepale chini nikicheka mpaka Chimène akaniuliza kama napumua.

Halafu simu ikalia. Dada mkubwa wa Faida, anapiga toka Wamaza. Sanduku likachanganyikiwa, likagoma katikati ya Nyuki. Nikapokea nikasema Faida amekwenda shambani. Faida alikuwa nyuma yangu amesimama na ungo.

Chimène akabonyeza alama ya ndege, ile inayofanya mutu yeyote asiweze kupiga. Faida akauliza simu yake itakuwa ndani ya ndege mpaka lini. Nikasema mpaka Jumapili. Akageuka na ungo wake. Faida akigeuka namna ile, hata mbuzi wa jirani wanaingia zizini wenyewe.

Alhamisi, tarehe 11

Limebaki jambo moja: sebene iwe ndefu kiasi gani? Chimène anasema simu lazima ijue ni wakati gani itume Kimya. Yaani lazima nijue Mama Léocadie atacheza muda gani kabla ya kuketi. Wengine wangekisia. Mimi nikaenda kupima.

Nilimkuta jikoni kwake nje, sufuria ya maji iko motoni, unga wa muhogo uko kando. Nikamwambia nimekuja achague wimbo wa kumwingiza. Uongo mzuri, uongo wa heshima. Nikapiga kidogo tu, na yule mama akarusha mwiko pembeni akacheza! Kiuno kinakwenda huku, kichwa kinabaki kule. Mimi macho kwenye sufuria, maana saa sina. Maji yalipochemka, akaketi kwenye kigoda. Pu! Akashika mwiko.

Nikangoja kwa adabu. Alipoipua bugali akaweka maji mengine, ya kupikia sombe, majani ya muhogo. Nikapiga tena. Akacheza tena. Maji yakachemka, akaketi tena!

Mara mbili, sawasawa. Hiyo si bahati, hiyo ni sayansi. Magoti yake yanadumu sufuria moja ya maji, hayaongezi hata povu. Alinipa bugali nikala, nikamsifia uchezaji wake, nikamwambia mama, katika umri wetu ni vizuri kujua mahali pa kuketi. Akaniuliza umri wa nani. Nikasema bugali ni tamu.

Chimène hakukubali kuandika "sufuria moja" ndani ya simu. Ikabidi tuchemshe maji kwangu, yeye anatazama saa ya simu, mimi nachochea kuni. Faida akauliza kwa nini tunachemsha maji na kuyamwaga. Nikasema ni dawa ya kidole. Akakitazama kidole. Akatazama simu yake. Akaenda kwa kaka yake kusalimia.

Ijumaa, tarehe 12

Mutu mwenye akili haweki tumaini lake kwenye magoti peke yake. Nimefikiri: Mama Léocadie akitaka kuketi na kiti kiko mbali, je? Hapana. Kiti kiwe nyuma yake kabisa, tena kizuri, kinachoita. Na katika mtaa wetu kiti kizuri kuliko vyote ni kile cha mikono, chenye mito myekundu, cha sebuleni kwa Kamaldine.

Nikamwomba. Nimemwomba adui silaha! Akauliza cha nini. Nikasema ni kwa heshima ya mama wa bibi harusi. Kamaldine akacheka mpaka akashika ukuta, akasema bwana shemeji, chukua, chukua hata kilemba changu. Mimi nikachukua kiti tu. Nilikibeba kichwani toka kwake mpaka kwa Mama Léocadie, juani, na kila aliyekutana nami aliuliza nani amekufa.

Jioni Kamaldine akaja kunusa. Akauliza pedali zangu ziko wapi. Nikamjibu mimi sipigi gitaa kwa miguu, miguu ni ya kwendea shamba. Akatafuta kwa macho, hakuona kitu. Sanduku la sauti na simu nimevitia ndani ya sanduku langu kubwa la bati, lile nililonunua wakati nataka kuwa askari. Nimelitoboa kando kwa ajili ya kamba. Nimelifunga kwa kufuli kubwa. Watu waone waya wa gitaa unaingia kwenye bati lililofungwa na sauti zinatoka! Na Kamaldine asiweze kutia mkono.

Ufunguo nimempa Faida. Mimi hupoteza funguo, nimewahi kulala nje ya nyumba yangu mwenyewe. Ameufunga kwenye pembe ya kitenge chake, fundo mbili. Hata mwizi wa Salamabila hawezi kuutoa pale. Nimefikiri kila kitu!

Jumamosi, tarehe 13

Naandika haraka, wananiita. Nimenyoa. Shati jeupe. Viatu vya Pasaka, kidole kinalia lakini kimevaa. Kiti chekundu kipo mahali pake, chini ya bashi, lile turubai la kivuli, kama mtego mtamu.

Maskini Kamaldine. Nitamruhusu aje mbele siku moja moja, kunishikia maji.

Jumapili, tarehe 14

Sikwenda misani. Niseme ilivyokuwa, kabla wengine hawajaisema vibaya zaidi.

Vumbi, watu mpaka juu ya ukuta, grupe inakohoa nyuma na Kamaldine ndani ya moshi wake. Nimelitanguliza sanduku la bati mbele ya kila mutu. Mmoja akauliza ndani mna nini. Nikamwambia: masikio. Nikamwomba Faida ufunguo, nikafungua, nikaanzisha simu, nikafunga kufuli, nikamrushia Faida ufunguo mbele ya kadamnasi. Akaufunga kwenye kitenge. Nikapiga.

Lualaba! Gitaa likatetemeka, watu wakasema eee. Nikainua mguu wa kushoto waone haukanyagi kitu. Nikainua wa kulia. Wa kulia ulikuwa na kidole, lakini niliinua. Halafu nikafumba macho, nikalinyooshea gitaa kidevu kama naliamuru, na palepale, bila kosa, Nyuki! Wawili wakafanya ishara ya msalaba, mmoja akasema astaghafirullah, shemasi jirani yangu akapanda juu ya benchi. Kamaldine alifungua mdomo, nikaona hata pengo lake la nyuma. Mama Ernestine akatabasamu! Mama Ernestine, ambaye tangu nimjue ametabasamu kwenye picha tu.

Na Mama Léocadie akaingia anacheza, kitenge kipya, kilemba kama nyumba ya ghorofa. Akakiona kiti chekundu. Akauliza, nilimsikia vizuri, hicho kimewekwa kwa bibi kizee gani. Akaweka mkoba wake juu yake. Akaendelea kucheza.

Kanisa ikaja. Tamu kabisa. Sasa, mama, keti! Nikamwonyesha kiti kwa macho. Nikamwonyesha kwa kidevu, kwa mdomo, kwa shingo ya gitaa. Akadhani ni mtindo mpya, akanifuatisha: macho, kidevu, mdomo! Akinamama wote nyuma yake wakafanya hivyo hivyo. Na nyuma yake kabisa nani? Faida wangu. Mikono miwili kwenye kiuno cha Mama Léocadie. Kila mara Mama Léocadie akilegea kidogo, Faida anamnyanyua kama dumu la maji kichwani, na anamsemesha sikioni, na wanacheka wote wawili wakinitazama.

Sufuria ikachemka. Simu ikatuma Kimya.

Vidole vyangu vikaendelea kukimbia peke yao, kama siafu juu ya bati. Hakuna sauti. Wengine wameacha kupiga, ngoma tu, nayo inasitasita. Mama Léocadie mguu mmoja juu, hajui aushushe wapi. Harusi nzima ikanigeukia. Tabasamu la Mama Ernestine likarudi kwao kwa njia ile ile. Nikaona samaki. Nikajiona Nyangwe, na beseni la samaki, napunga nzi.

Nikarukia sanduku. Kufuli! Nikapiga kelele: Faida, ufunguo!

Alisikia. Mimi ni mume wake, najua anavyosikia. Akageuka, akanitazama, akashika ile pembe ya kitenge yenye fundo mbili, akaizungusha hewani. Nikapiga kelele tena: Faida, ufunguo! Na yule mpiga makelele wetu, ambaye kazi yake ni kuokota neno lolote na kulitia kwenye mikro, akaliokota. Faida! Watu wote: Ufunguo! Faida! Ufunguo! Akinamama wakashika pembe za vitenge vyao wakazungusha. Wazee wakazungusha kofia. Hata shemasi, juu ya benchi, alizungusha Biblia, kwa polepole.

Ndipo Kamaldine akatoka katika moshi. Akainama. Matako juu kabisa, na hakuna aliyecheka. Akakanyaga ile ya kijani, gitaa lake la watu wanne likaingia, na mguu wa Mama Léocadie ukashuka sawasawa na ngoma kama ulikuwa unamngoja yeye. Shemeji hakutazama saa wala sufuria. Alitazama kile kiuno tu. Kikienda haraka anakanyaga moja, kikituliza anakanyaga nyingine, anainama anainuka kama mutu anayeswali kwa furaha. Mimi nilikuwa nimepiga magoti napiga bati kwa ngumi, nataka kulivunja. Watu wakadhani ni ngoma. Wakanirushia maneno mazuri.

Mama Léocadie alicheza mpaka nyama ikapoa. Alicheza mpaka grupe ikaomba mafuta, ikapewa. Aliketi pale tu Rosine mwenyewe alipokuja kumshika mkono, akaketi kwenye kiti chekundu akicheka machozi, juu ya mkoba wake mwenyewe, na Kamaldine akafunga kwa noti moja ndogo, kama mutu anayefunga mlango wa chumba cha mutoto aliyelala. Vigelegele! Vilikuwa vyangu vile. Nilivipanga tangu Jumanne.

Mama Ernestine akaja mbele yangu. Akasema bati nimelipiga vizuri, nilifanyie mazoezi. Kisha akaonyesha moshi kwa kidole.

Kamaldine akakichukua kiti chake chekundu akakiweka mbele, katikati. Mimi nikakibeba cha plastiki. Akaniambia bwana shemeji, asante kwa kunibebea kiti toka nyumbani, mgongo wangu ungekataa.

Mama Léocadie akaja na sahani yangu mpaka kwenye moshi. Akasema amesikia nilimpima kwa sufuria, Faida, aliyetusikia tukibishana juu ya sufuria, amemweleza yote tangu Alhamisi. Akauliza: Muzee, weye ulitaka nisonge bugali huku nacheza? Maji yakichemka mupishi anaketi. Nikamjibu magoti ni magoti. Akaondoka akicheza, kwa makusudi.

Faida alinipa ufunguo tulipofika nyumbani. Nikafungua. Akaitoa simu yake kwenye ndege, ikalia palepale. Dada yake, toka Wamaza. Sikusikia salamu. Nilisikia tu mutu wa mbali anaimba: Faida! Na mke wangu, mama wa watoto wangu, anajibu: Ufunguo!

Jumatatu, tarehe 15

Watoto wa kisimani wameniimbia nikienda, wameniimbia nikirudi. Mmoja alikuwa na fundo kwenye shati.

Jana nililia kidogo, kwa ajili ya moshi. Leo nimefikiri. Mutu anayekaa kando ya grupe, mkono wake uko karibu na umeme wa wote! Nimemwuliza Chimène kama iko chombo cha kupokea amri ya MIDI na kukata umeme wa mutu mmoja tu. Akauliza mutu gani. Nikasema mutu yeyote mwenye pedali za rangi. Akasema vitu hivyo viko, watu wanavitumia kwa taa za jukwaa, na akaanza kuonya. Sikumngoja amalize.

Kanali ya pili. Kamaldine ameinama, anakanyaga ya kijani. Tuf! Giza, kimya, matako juu mbele ya mkutano. Nacheka peke yangu hapa kitandani. Faida ameuliza nacheka nini. Nimesema sala.

Linabaki kujua tu mapema ni wakati gani ataikanyaga ya kijani. Hilo ni la kupima. Na makosa yangu ya siku ile nimeyachunguza bila kujionea huruma, kama mutu mzima. MIDI haikukosea. Simu ilituma kila amri kwa wakati wake. Magoti yako vile nilivyosema. Nimepata kosa moja tu, na asubuhi hii nimekwenda kwa Mama Léocadie kulirekebisha: nimeazima ile sufuria kubwa ya harusi.

Ya kwanza ilikuwa ndogo.